Mbaazi, pauni na dola: Jinsi ya kuchagua pa kuweka fedha uchumi unapogeuka

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Jorodom, wilayani Hanang mkoani Manyara, anayefunga mlango wa ghala lake na kuamua kutouza mbaazi hadi bei ipande, huenda hajawahi kufikiri kwamba anafanya kazi inayofanana na ile ya mabingwa wa masoko ya fedha wa London na New York.

Lakini ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya mbaazi zinazouzwa nje ya Tanzania huishia India. Kwa hiyo mwenye magunia ghalani anabashiri, kwa kujua au kutojua, juu ya mvua za India, uamuzi wa Serikali ya nchi hiyo, thamani ya shilingi na gharama za kusafirisha mzigo hadi bandarini.

Wataalamu wa fedha huita ubashiri wa namna hiyo biashara ya uchumi mpana. Anayeifanya haangalii kampuni moja au duka moja. Anaangalia mambo makubwa yanayotikisa nchi nzima, kama vile riba, mfumuko wa bei, thamani ya sarafu, hali ya hewa na sera za serikali, kisha anaweka fedha zake upande anaoamini mambo yataelekea.

Tofauti kati ya bingwa na mtu wa kawaida si kwamba bingwa anaijua kesho. Tofauti ni kwamba bingwa ana falsafa, yaani kanuni alizojiwekea mapema, zinazomwambia ni ubashiri upi aukubali, upi aukatae na kila mmoja autengee kiasi gani cha fedha. Asiye na kanuni hizo huongozwa na uvumi wa mnadani na mafanikio ya jirani.

Hasara ya kukosa kanuni ilionekana waziwazi mwaka 2017, wakati bei ya mbaazi ilipoporomoka na kuwaacha wakulima na wafanyabiashara wa Manyara na mikoa mingine wakiwa na mzigo usio na mnunuzi.

Yaliyotokea mwaka 2017

Ili kuelewa kisa hicho, inabidi kurudi nyuma miaka michache. India ndiyo nchi inayozalisha na kula mbaazi nyingi kuliko zote duniani. Mwaka 2014 na mwaka 2015 mvua za masika ya nchi hiyo zilikuwa chini ya wastani kwa miaka miwili mfululizo. Mavuno yalipungua, na bei ya mbaazi katika miji ya India ikapanda hadi kuwa suala la kisiasa.

Neema hiyo ilifika hadi Hanang na Babati. Mbaazi za Afrika Mashariki huvunwa kuanzia katikati ya mwaka na huingia sokoni kati ya Agosti na Novemba, wakati ambao akiba ya India imepungua na mavuno yake mapya ya kuanzia Desemba bado hayajafika. Ni nafasi nzuri kwa mwenye mzigo. Katika msimu huo wa neema kilo moja iliuzwa kwa zaidi ya Sh2,000 katika baadhi ya maeneo nchini, na wakulima wengi wakaongeza mashamba.

Hata hivyo, wakulima wa India nao waliona bei hiyohiyo. Juni 2016 Serikali yao iliwaongezea motisha kwa kupandisha bei ya chini inayowahakikishia wakulima, kutoka rupia 4,625 hadi rupia 5,050 kwa kila kilo 100. Mvua za mwaka huo zilikuwa za kuridhisha. Eneo lililopandwa likaongezeka sana, na mavuno ya msimu wa 2016/17 yakafika takriban tani milioni 4.8, karibu mara mbili ya takriban tani milioni 2.6 za msimu uliotangulia.

Bei ndani ya India ikashuka hadi chini ya ile iliyohakikishwa na Serikali. Mwishoni mwa Machi 2017 nchi hiyo ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje. Agosti 5, 2017 ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote kutoka nje, huku Msumbiji ikinusurika kwa sababu ilikuwa imetia saini makubaliano ya kuiuzia India mwaka 2016.

Tangazo hilo lilitoka wakati mavuno ya Tanzania yakiingia sokoni. Bei ikashuka hadi shilingi mia chache kwa kilo, na wapo waliouza kwa fedha isiyorudisha hata gharama za kulima.

Wengi walisema ni bahati mbaya. Lakini ukiyapanga matukio hayo kwa tarehe utaona kwamba dalili zilikuwapo na zilitangazwa hadharani, kuanzia Juni 2016 hadi Machi 2017. Kilichokosekana ni mtu wa kuziunganisha na kujiuliza maswali yanayofaa. Maswali hayo ndiyo msingi wa falsafa tunayoizungumzia.

Swali la kwanza: Unabashiri nini hasa?

Mfanyabiashara anaposema, "mbaazi zitapanda," amesema maneno mawili tu, lakini ndani yake mna bashiri nne. Amesema kwamba India haitavuna vya kutosha. Amesema kwamba Serikali ya India haitafunga mlango. Amesema kwamba shilingi haitapanda sana dhidi ya dola, kwani mnunuzi wa nje hulipa kwa dola. Amesema pia kwamba mzigo wake hautaoza wala kuliwa na wadudu kabla ya siku hiyo.

Ikiwa moja kati ya hayo litakwenda kinyume, faida yote inaweza kupotea hata kama mengine matatu yametimia. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuutenganisha ubashiri katika vipande vyake na kujiuliza ni kipande kipi unakifahamu na kipi unakisia tu.

Kipande cha sarafu kwa mfano husahauliwa mara nyingi. Mwaka 2024 dola moja ilifika takriban Sh2,700 mwezi Oktoba, na watu wengi wakaamini kwamba itaendelea kupanda. Kufikia Desemba ilikuwa imeshuka hadi takriban Sh2,400. Aliyeficha dola nyumbani akisubiri zipande alipoteza zaidi ya asilimia 10 ya thamani yake kwa shilingi katika muda mfupi.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya ajabu kwa anayefuatilia kalenda ya uchumi wa Tanzania. Nusu ya pili ya mwaka ndiyo wakati wa watalii wengi na mauzo makubwa ya mazao nje ya nchi, hivyo dola huingia kwa wingi kuliko katika miezi ya mwanzo wa mwaka.

Swali la pili: Ni nani asiye na hiari?

Mabingwa wengi wa biashara hii hutafuta jambo moja kwanza, nalo ni mhusika mkubwa ambaye hali imembana kiasi kwamba hana njia nyingi za kutokea. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa pauni ya Uingereza mwaka 1992.

Oktoba 1990 Uingereza ilijiunga na utaratibu wa nchi za Ulaya wa kuoanisha viwango vya sarafu, ikaahidi kwamba pauni haitashuka chini ya takriban mark 2.78 za Ujerumani. Ili kulinda kiwango hicho ilibidi riba iwe juu. Lakini uchumi wake ulikuwa umedorora, na riba ya juu ilikuwa ikiwaumiza wenye mikopo ya nyumba na viwanda.

George Soros na msaidizi wake, Stanley Druckenmiller, waliona kwamba Serikali ilikuwa imeshika vitu viwili visivyoweza kushikwa pamoja. Mfuko wao wa uwekezaji ukakopa pauni na kuziuza kwa kiasi kikubwa mno, ili uzinunue tena baadaye kwa bei ya chini na kurejesha mkopo. Septemba 16, 1992 Benki Kuu ya Uingereza ilipandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12, ikatangaza kuifikisha asilimia 15, na jioni ya siku hiyohiyo nchi ikajitoa katika utaratibu huo. Mfuko wa Soros unatajwa kupata faida ya takriban dola bilioni moja.

Tukirudi kwenye mbaazi, Serikali ya India mwanzoni mwa mwaka 2017 nayo ilikuwa imebanwa. Iliwaahidi mamilioni ya wakulima wake bei fulani, na bei ya soko ilikuwa chini ya ahadi hiyo. Ama inunue mzigo wote kwa fedha za umma, ama ipunguze mbaazi kutoka nje. Kwa Serikali inayohitaji kura za wakulima, njia ya pili ilikuwa nyepesi zaidi, na wa kuumia walikuwa wakulima wa nchi za mbali wasiopiga kura India.

Serikali zetu za Afrika Mashariki nazo ni wahusika wakubwa. Juni 2017 Tanzania ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi kwa hofu ya njaa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaondoa zuio hilo kwa masharti siku chache baadaye. Anayehifadhi mahindi akitegemea bei kupanda kupita kiasi hana budi kukumbuka kwamba bei ya juu kupita kiasi ndiyo inayozikaribisha serikali sokoni.

Swali la tatu: Je, bei imekwishayajua unayoyajua?

Hapa ndipo wengi huanguka. Habari inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isikupe faida, kwa sababu kila mtu anaifahamu na bei imekwisha kupanda.

Ngano ni mfano wa karibu na Hanang, wilaya ambayo tambarare zake za Basotu zilianza kulimwa zao hilo kwa mashine kubwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Canada. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, bei ya ngano duniani ilipanda kwa kasi kwa kuwa nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa. Mwezi Machi ilikuwa imefika kileleni. Aliyenunua siku hizo alikuwa sahihi kuhusu vita, kwani iliendelea. Lakini kufikia Julai mwaka huohuo bei ilikuwa imerudi karibu na kiwango cha kabla ya vita, naye akabaki na hasara.

Soros aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1987, The Alchemy of Finance, kwamba mawazo ya washiriki wa soko huibadilisha hali yenyewe wanayoiwazia. Maneno hayo yanaweza kuonekana mazito, lakini mbaazi zinayafafanua vizuri. Bei ya juu ya mwaka 2015 iliwafanya wakulima wa India na wa Afrika waamini kwamba mbaazi zina faida, wakapanda kwa wingi, na wingi huo ukaiua bei iliyowavutia.

Kwa hiyo, pale kila mtu mnadani anapozungumzia zao moja au sarafu moja, swali la kujiuliza ni nani aliyebaki wa kununua baada yako.

Swali la nne: Ukikosea utapoteza nini?

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye magunia 20 ya mbaazi, kila moja kilo 100, na bei ya siku ni Sh1,500 kwa kilo. Akiuza leo anapata Sh3 milioni. Akisubiri, anatarajia bei ifike Sh1,800, na hapo ataongeza Sh600,000. Lakini ikitokea kama mwaka 2017 na bei ikashuka hadi Sh500, atapoteza Sh2 milioni.

Watu wengi huishia kujiuliza kama bei itapanda au itashuka. Hesabu inadai zaidi ya hapo. Kama mkulima huyo angeurudia uamuzi huo mara 10 na kupatia mara saba, angepata Sh4.2 milioni na kupoteza Sh6 milioni. Angekuwa amepatia mara nyingi zaidi kuliko alivyokosea, na bado angekuwa amepata hasara. Ni hadi apatie mara nane kati ya 10 ndipo abaki na faida ndogo, kabla ya kulipia ghala, dawa ya wadudu na riba ya mkopo.

Ubashiri wa Soros ulikuwa wa kinyume chake. Pauni ilikuwa tayari iko karibu na kiwango cha chini kilichoruhusiwa, hivyo kama angekosea isingepanda sana na hasara yake ingekuwa ndogo. Akipatia, ingeanguka mbali. Hiki ndicho kiini cha falsafa ya wengi waliodumu katika kazi hiyo: tafuta mahali ambapo kukosea kuna gharama ndogo na kupatia kuna malipo makubwa, na ukatae mahali palipo kinyume hata kama una uhakika moyoni.

Swali la tano: Uweke kiasi gani?

Elimu haimwokoi aliyeweka fedha kupita uwezo wake. Mwaka 1998 mfuko wa Marekani ulioitwa Long-Term Capital Management, uliokuwa na wabia wawili waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka uliotangulia, uliyumba baada ya Urusi kushindwa kulipa madeni yake mwezi Agosti. Mfuko huo ulikuwa umekopa mara nyingi zaidi ya mtaji wake. Benki kubwa zililazimika kuchanga takriban dola bilioni 3.6 kuunusuru, ili usiangushe na wengine.

Hatari hiyo leo iko mikononi mwa yeyote mwenye simu. Wanaotangaza biashara ya sarafu kwa njia ya mtandao huwaruhusu wateja kushika mkataba mkubwa mara 100 kuliko fedha walizoweka. Maana yake ni kwamba sarafu ikienda kinyume kwa asilimia moja tu, fedha zote zimekwisha. Januari 15, 2015 Benki Kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kuzuia faranga yake isipande dhidi ya euro, wateja wengi duniani walimaliza mitaji yao kwa dakika chache, wengine wakabaki na madeni.

Kwa mkulima wa Jorodom, kanuni hii ina sura nyepesi. Mbegu za msimu ujao, ada za watoto, chakula cha kaya na marejesho ya mkopo si fedha za kubashiria. Hizo ziondolewe kwanza. Kinachobaki ndicho kinachoweza kusubiri bei. Akiuza magunia 10 kati ya 20 kwa bei ya leo, ana Sh1.5 milioni mkononi, na bei ikianguka hasara yake inapungua kwa nusu.

Mbinu hiyo haitamfanya awe tajiri kuliko wote mwaka wa neema, ila itamwezesha kulima tena mwaka wa shida.

Kwa wenye akiba mjini

Wafanyakazi na wafanyabiashara wa mijini wanaweza kutumia maswali hayohayo katika hatifungani za Serikali. Hatifungani ikilipa asilimia 12 kwa mwaka, kisha mpya zikaanza kulipa asilimia 15, hakuna atakayeinunua ya zamani kwa bei yake kamili. Riba zikishuka, ya zamani hupanda thamani.

Jambo hilo lilionekana Aprili 2022, wakati riba ya hatifungani mpya za miaka 20 iliposhushwa kutoka asilimia 15.49 hadi asilimia 12.10. Waliokuwa wameshika za zamani walijikuta na mali inayotafutwa. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikitangaza riba yake elekezi. Ilianza na asilimia 5.5, ikaipandisha hadi asilimia 6 Aprili mwaka huo na kuishusha hadi asilimia 5.75 Julai 2025. Matangazo hayo ni taarifa za bure kwa anayetaka kujua upepo unavuma kutoka wapi.

Andika kabla ya kuweka fedha

Kanuni ya mwisho haihitaji mtaji. Kabla ya kufunga ghala, kununua dola au kuomba hatifungani, chukua daftari uandike mambo matatu: sababu ya uamuzi wako, jambo ambalo likitokea litaonyesha kwamba umekosea, na siku au bei utakayojitoa.

Mfanyabiashara wa mbaazi aliyeandika mwishoni mwa mwaka 2016 kwamba "nitajitoa India ikianza kuweka ushuru" angepata ishara Machi 2017, miezi minne kabla ya mlango kufungwa. Mkulima alikuwa amekwisha panda kufikia wakati huo, lakini mnunuzi wa mzigo na mkopeshaji walikuwa bado na nafasi ya kupunguza hasara.

Daftari hilo lina faida nyingine. Baada ya misimu kadhaa humwonyesha mwenyewe kama alipata faida kwa sababu alifikiri vizuri au kwa sababu mvua za nchi nyingine zilimsaidia. Bila kumbukumbu, kila faida huitwa akili na kila hasara huitwa mkosi.

Mei 2021 India ilifungua tena mlango wa mbaazi kutoka nje bila kikomo, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa kwa vipindi. Mavuno hafifu ya nchi hiyo yakaipandisha bei tena mwaka 2023. Lakini ruhusa inayotolewa kwa vipindi inaweza pia isiongezwe, na sababu zilizoifanya India ifunge mlango mwaka 2017 hazijafutika. Kila mavuno makubwa ya huko yanazirudisha mezani.

Mwenye mbaazi ghalani chini ya Mlima Hanang hawezi kuizuia India isiamue. Anachoweza kuamua ni magunia mangapi ya kwake yausubiri uamuzi huo.